Ukimlaza Mgeni kwa Malipo: Ushuru na Sheria za Nyumba ya Kukodishwa kwa Siku Nchini Kenya

Neno "kodi" limebeba mizigo miwili. Dar es Salaam mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, mwenye nyumba naye akailipa serikali kodi, na watu wanaelewana. Huku Kenya tumezoea kuugawa mzigo: kodi ni ya nyumba, ushuru ni wa serikali. Nitaufuata mgawo huo, kwa sababu kosa la kwanza la wengi wanaowafungulia mlango wageni wa siku mbili tatu linaanzia hapo hapo kwenye neno. Wanadhani wanapokea kodi ya nyumba. Sheria, karibu kila upande unaouangalia, inawaona wakiuza malazi.

Mtu akipanga fleti yako ya Nyali kwa mwaka mzima, atakuja na kitanda chake, atalipa stima yake, na barua zake zitafika hapo. Mgeni wa usiku tatu hukuta shuka zimetandikwa, taulo zimekunjwa, intaneti inafanya kazi na maji ya kunywa yako mezani. Jumatatu ameondoka na hujui jina la mji aliokwenda. Huyo wa pili, machoni pa Mamlaka ya Ushuru (KRA), pa wasimamizi wa utalii, pa kaunti, na hata pa wanaolinda data za watu, ni mgeni wa hoteli, hata kama hoteli yenyewe ni vyumba viwili ghorofa ya nne. Ukilishika hilo, mengi ya yanayofuata utaweza kuyakisia kabla hujayasoma.

Kabla ya kupandisha picha ya kwanza

Anza na swali la haki: je, una ruhusa ya kuitumia nyumba hiyo hivyo?

Kilimani na Kileleshwa, jijini Nairobi, wako vijana wengi wanaokodi fleti tupu kwa mwezi, wakaipamba, wakaikodisha kwa siku. Ni kazi halali na imewainua wengi. Lakini kama nawe ni mpangaji, Sheria ya Ardhi ya 2012 inachukulia kwamba umemwahidi mwenye nyumba kutoipangisha kwa mwingine bila idhini yake, hata pale mkataba wenu uliponyamaza. Idhini ya mdomo haitoshi. Iombe kwa maandishi, na barua yenyewe itaje wazi kwamba wageni watakuwa wa siku chache na watabadilika. Nimeona mtu akitumia akiba yote ya miaka minne kununua sofa, majokofu na viyoyozi, halafu mwezi wa tatu akapewa notisi ya kuhama. Hakuwa na karatasi ya kujitetea nayo.

Kama fleti ni yako mwenyewe, bado huko peke yako. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, wenye fleti katika jengo moja huwa na shirika lao la kulisimamia, na shirika hilo lina kanuni. Zisome kabla hujanunua pazia. Kanuni zikikataza, hutashinda kwa kuingiza wageni usiku. Zikiruhusu, nenda ukawaone majirani hata hivyo. Askari wa getini akijua mgeni wako ni nani na anafika saa ngapi, umeokoa nusu ya ugomvi ambao ungekuja.

Kama uliinunua kwa mkopo, usome mkataba wa benki, na kama ina bima, mpigie aliyekuuzia. Bima ya makazi kwa kawaida huandikwa kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Moto ukizuka wakati mgeni wa malipo yumo ndani, huo ndio wakati kampuni itakapoisoma kila sentensi. Ofisi ya mipango ya kaunti nayo iulizwe kama matumizi mapya yanahitaji kibali cha kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, hasa ukiwa na jengo zima.

Leseni

Sheria ya Utalii ya 2011 inaorodhesha biashara zinazohitaji leseni, na haikuishia kwenye mahoteli makubwa ya Diani. Imetaja villa, fleti zenye huduma, nyumba ndogo za likizo na nyumba za familia zinazopokea wageni. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo kifupi chake ni TRA. Wasomaji wenye ndugu Tanzania wasichanganye: kule TRA ni watoza kodi.

Kwa miaka mingi wenye nyumba ndogo waliiona sheria hiyo kama ya watu wengine. Hali ilibadilika Januari 2024, wanawake walipouawa katika nyumba za kukodishwa kwa siku jijini Nairobi, na serikali ikawaamuru wenye nyumba za namna hiyo wajisajili. Wengine waliichukua amri ile kama njia nyingine ya kuwakamua. Mimi siioni hivyo. Nyumba ambayo hakuna ofisi inayojua kuwa inapokea wageni ni nyumba ambayo mgeni akipotea, hakuna wa kuulizwa. Maombi hufanywa mtandaoni, na leseni hulipiwa upya kila mwaka.

Kaunti nayo ina chake: kibali cha biashara, cheti cha zima moto, na ukaguzi wa afya. Ada hutofautiana kati ya Mombasa, Kwale, Kilifi na Nairobi, kwa hiyo usikubali kiwango ulichosikia kwa rafiki wa kaunti nyingine. Usingoje mkaguzi akutajie kizima moto na king'ora cha moshi. Vinunue kwanza.

Ushuru wa mapato, na pale watu wanapojikwaa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kenya ina ushuru maalumu wa kodi ya nyumba za makazi, uliokuja Januari 2016. Mwenye nyumba mkaazi wa Kenya anayepata kodi ya zaidi ya shilingi 288,000 na isiyozidi milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia fulani ya kodi yote anayopokea. Asilimia hiyo ilikuwa 10, na tangu 1 Januari 2024 ni 7.5. Hupunguziwi gharama yoyote, ritani huwasilishwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukishalipa umemaliza. Ni rahisi, na ndiyo maana wenye nyumba za siku wengi huukimbilia.

Lakini jina lenyewe linasema ni kodi ya makazi. Mgeni wa likizo hakai kwako, analala kwako. Sheria ya Ushuru wa Ongezeko la Thamani (VAT) ya 2013 inapoeleza nyumba ya makazi ni ipi, inaondoa wazi malazi ya hoteli na ya likizo. Ndiyo sababu naona njia salama kwa anayekodisha kwa siku na kutoa huduma ni kuyahesabu mapato hayo kama ya biashara, ndani ya ritani ya mwaka inayotakiwa kabla ya 30 Juni. Ukiamini hali yako ni tofauti, mathalani wageni wako wote hukaa miezi mitatu na hujilipia stima, sheria ya taratibu za ushuru inakupa haki ya kumwandikia Kamishna wa KRA na kupata uamuzi wa maandishi utakaomfunga yeye. Barua hiyo itakufaa kuliko ushauri wa kikundi cha WhatsApp.

Tuchukue mfano. Fleti moja Bamburi, shilingi 5,000 kwa usiku, usiku 18 kwa mwezi. Hiyo ni 90,000 kwa mwezi na 1,080,000 kwa mwaka. Gharama za mwaka ni 480,000: kamisheni ya jukwaa la mtandaoni na mshahara wa msafishaji 180,000, na stima, maji, intaneti, dobi, mafundi na ada ya jengo 300,000. Faida ni 600,000. Kama huna mapato mengine na unatozwa kwa viwango vya kawaida, 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. 100,000 zinazofuata asilimia 25, yaani 25,000. Na 212,000 zilizobaki asilimia 30, yaani 63,600. Jumla ni 117,400. Toa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 kwa mwaka, utalipa 88,600.

Sasa tuseme zile 300,000 ulizilipa bila risiti halali. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikubaliwi kupunguza faida, isipokuwa vitu vichache vilivyotengwa kama mishahara, riba, na huduma za kampuni ya nje isiyo na makao Kenya. Faida machoni pa KRA inapanda hadi 900,000, na ushuru unafika 178,600. Umelipa 90,000 zaidi kwa kukosa karatasi tu. Hizo ni mapato ya mwezi mzima.

Kwa hiyo kila unapolipa, toa PIN yako ya KRA na udai ankara ya eTIMS. Fundi na dobi wa mtaani watakuambia hawana. Marekebisho ya Desemba 2024 yaliweka njia: mnunuzi anaweza kutoa ankara yeye mwenyewe kwa ununuzi kutoka kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Mweleze kwa upole, maana wengi wakisikia PIN wanadhani unawapeleka polisi.

Wewe nawe ni muuzaji, na mgeni wako anastahili ankara ya eTIMS, awe amelipa kwa M-Pesa, kwa kadi au taslimu mlangoni.

Kama umeajiriwa kwingine, faida ya nyumba hujumlishwa na mshahara wako, na huenda yote ikaangukia kwenye asilimia 30 au zaidi. Tenga pesa kila mwezi katika akaunti ya pembeni. Ukikadiria kuwa ushuru wako wa mwaka ambao haujakatwa kwingine utazidi 40,000, sheria inataka uulipe kwa awamu nne, kabla ya tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Wengi hulijua hili baada ya faini.

Kosa jingine: watu huandika kiasi kilichoingia benki. Jukwaa limeshakata kamisheni yake kabla pesa hazijakufikia. Mapato yako ni kile alicholipia mgeni kwa malazi, na kamisheni ni gharama unayoiandika upande wa pili. Pakua taarifa za kila mwezi kutoka kwenye jukwaa na uzihifadhi, kwa sababu kumbukumbu zinatakiwa kuwekwa miaka mitano.

Kama unaishi humo mwenyewe na chumba kimoja tu ndicho cha wageni, au unaikodisha Desemba na Agosti na miezi mingine iko mikononi mwa familia, gharama za pamoja zigawe kwa haki na uandike ulivyozigawa. Weka daftari la usiku: tarehe, mgeni au familia, malipo. Daftari hilo moja litajibu maswali mengi ya mkaguzi.

Faini zenyewe: kuchelewesha ritani ya mapato kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa, kuchelewa kulipa ni asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake.

Tozo ya utalii na VAT

Hazina ya Utalii hukusanya asilimia 2 ya mapato ghafi ya malazi, chakula na huduma. Katika usiku wa shilingi 5,000 hiyo ni shilingi 100, na katika fleti yetu ya Bamburi ni 1,800 kwa mwezi. Hulipwa kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, siku kumi kabla ya tarehe 20 ambayo wengi wameizoea, na ndiyo maana husahaulika. Hulipwa kwenye hazina yenyewe, kwa hiyo usidhani ritani ya KRA imeimaliza. Iingize kwenye bei yako tangu mwanzo, kwa sababu ukishapokea pesa ya mgeni huwezi kumrudia.

VAT ni asilimia 16, na inakuhusu mauzo yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 katika miezi 12. Mwenye fleti moja kama ya mfano wetu yuko mbali. Mwenye tano ameshapita: 1,080,000 mara tano ni 5,400,000. Hapo una siku 30 za kuomba kusajiliwa. Bei ya 5,000 ambayo hukuibadilisha inakuwa na VAT ndani yake ya karibu shilingi 690, na wewe unabaki na 4,310. Wanaoanza na fleti moja na kuongeza kila mwaka waiangalie hesabu hii kabla ya ile ya tano, hata kama fleti nyingine si zao bali wanazikodi na kuzikodisha tena. Kinachohesabiwa ni mauzo yako.

Ukiwa Muscat, Doha au Leicester

Nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zinazopokea wageni zina wenyewe walioko ughaibuni, na funguo ziko kwa ndugu. Kama huhesabiwi kuwa mkaazi wa Kenya kwa mambo ya ushuru, ile asilimia 7.5 haikuhusu kabisa. Kodi ya nyumba inayolipwa kwa asiye mkaazi hukatwa asilimia 30 ya kiasi chote, bila kupunguza gharama. Ni tofauti kubwa, na huwafikia watu kama habari ya msiba kwa kuwa waliambiwa "ushuru wa nyumba ni saba na nusu". Ukaazi huangaliwa kwa makao uliyo nayo Kenya na siku ulizokaa nchini, kwa hiyo likizo mbili za mwezi mzima huko nyumbani si jambo dogo katika hesabu hiyo. Mwone mhasibu kabla ya mwaka kuanza.

Na yule ndugu mwenye funguo mpe barua ya uwakilishi na malipo yanayoeleweka. Shangazi anayepokea wageni, kufua shuka na kupokea pesa kwenye simu yake bila karatasi yoyote ndiye atakayeulizwa miamala hiyo ni ya nini. Si haki kumwachia mzigo huo kwa sababu ni damu yako.

Mgeni, kitambulisho chake na faragha yake

Sheria ya uhamiaji inamtaka anayelaza watu kwa malipo aweke daftari la wageni. Hakikisha kitambulisho au pasipoti inalingana na uso uliosimama mlangoni, na uandike majina ya wote watakaolala, si ya aliyelipia peke yake. Hilo ni kwa usalama wa mgeni sawasawa na wako.

Ukishashika pasipoti ya mtu, umeshika data yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Wafanyabiashara wadogo wameondolewa wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, lakini kanuni za 2021 zimezitaja biashara za ukarimu kuwa hazimo katika msamaha huo hata zikiwa ndogo. Jisajili. Kisha acha kutuma picha za pasipoti kwenye kikundi cha WhatsApp cha jengo. Mtumie askari wa getini jina na muda wa kufika. Pasipoti yenyewe haimhusu. Data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Kamera ndani ya nyumba usiweke. Faragha inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba, na jukwaa la Airbnb lenyewe lilipiga marufuku kamera za ndani duniani kote kuanzia 30 Aprili 2024. Ya mlango wa nje inaruhusiwa, ila mgeni aambiwe kabla hajalipa.

Anayefanya usafi

Ukimwajiri mtu kwa mshahara, wewe ni mwajiri kamili. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara wake. Ushuru wa nyumba nafuu ni asilimia 1.5 kutoka kwake na 1.5 kutoka kwako. Mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) ni asilimia 6 kila upande, ndani ya mipaka iliyowekwa. Yote yalipe kabla ya tarehe 9. Mshahara ukizidi 24,000 kwa mwezi, angalia pia PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Huyu mtu ndiye anayeifanya nyumba yako ipate sifa njema kwa wageni. Akiumwa na kukuta michango yake haikupelekwa, hakuna maneno utakayomwambia.

Siku ukiacha

Pengine mwanao atarudi kutoka chuoni na kukitaka chumba, au utapata mpangaji wa mwaka. Kuondoa tangazo kwenye mtandao hakutoshi. Kama ulikuwa umesajiliwa kwa VAT au kwa ushuru wa kila mwezi wa kodi ya nyumba, wajibu huo unaendelea kuhesabiwa kwenye akaunti yako ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, na kila mwezi usiowasilisha ritani, hata ya sifuri, unazaa faini. Omba uondolewe kwa maandishi, na endelea kuwasilisha sifuri hadi jibu litakapokuja. Iarifu TRA usidaiwe leseni ya mwaka ujao, ijulishe Hazina ya Utalii na kaunti, na ufute nakala za pasipoti ambazo huna tena sababu ya kuziweka. Daftari la mapato, ankara na risiti zitie kwenye boksi moja, uandike juu yake mwaka wa mwisho wa biashara, na chini yake mwaka ambao miaka mitano itakuwa imetimia.